Kukesheza Tarakilishi: Usingizi wa Mashine na Kazi ya Mtafiti wa Fasihi Simulizi Barani

Miongoni mwa hasara zinazompata mtafiti wa fasihi simulizi siku hizi, iko moja ambayo ni nadra kutajwa katika mihadhara ya mbinu za utafiti. Mtafiti amerejea kutoka Mambrui, Marafa au Takaungu akiwa na sauti za wazee. Amezihamisha kutoka kanda za kaseti na kuziingiza katika tarakilishi. Saa nne za usiku anaanza kuzinakili katika diski ya nje, au kuzipeleka katika hifadhi ya mbali kwa njia ya intaneti, kisha anakwenda kujilaza. Alfajiri anakuta kioo cheusi, na kazi imekomea dakika ya ishirini. Mashine haikuharibika, wala umeme haukukatika. Ililala tu, kwa kufuata mpango uliowekwa ndani yake tangu ilipotengenezwa.

Makala haya yanaeleza asili ya usingizi huo, aina zake na namna ya kuuzuia. Aidha, kwa kuwa wasomaji ni watu wa lugha, yanadai kwamba sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe "kulala", ambalo limetwishwa mambo kadhaa yasiyofanana.

Asili ya usingizi

Tarakilishi za mezani za zamani hazikujua kulala. Ziliwashwa, zikafanya kazi, zikazimwa. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1992, pale Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipoanzisha alama ya Energy Star, ambayo ilitolewa kwanza kwa tarakilishi na vioo vyake vilivyoweza kupunguza matumizi ya umeme vinapokaa bure. Mwaka huohuo kampuni za Intel na Microsoft zilitoa kanuni za kusimamia nishati ndani ya mashine, na Desemba 1996 kanuni hizo zikafuatwa na nyingine pana zaidi, zijulikanazo kama ACPI, ambazo Toshiba nayo ilishiriki kuzitunga. ACPI ndiyo iliyokabidhi programu endeshi, kwa mfano Windows, mamlaka ya kuamua ni lini mashine ilale na usingizi wake uwe mzito kiasi gani. Kwa vipakatalishi sababu ilikuwa ya karibu zaidi: betri.

Mamlaka hayo hutumiwa vipi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa kawaida programu endeshi huhesabu dakika zilizopita tangu kibodi au kipanya kiguswe mara ya mwisho. Zikitimia dakika zilizowekwa, mashine hulazwa. Tarakilishi haiulizi kama kazi ipo, inauliza kama mikono ipo. Ni kweli kwamba programu yoyote inaweza kuiomba mashine isilale, na nyingi hufanya hivyo: inayocheza filamu huomba, na Windows kwa kawaida haijilazi wakati sauti inachezwa au inarekodiwa. Ndiyo maana mtafiti anaweza kurekodi kaseti nzima bila tatizo, akajenga imani kwamba mashine yake haimwachi njiani. Lakini unakili wa mafaili makubwa, upakiaji kwa intaneti au ubadilishaji wa mafaili kutoka muundo mmoja hadi mwingine mara nyingi hauombi chochote. Kazi hizo hufanyika kimya, na kimya hicho machoni pa mashine ni uvivu.

Ukubwa wa kazi yenyewe wafaa kupigiwa hesabu. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza sauti za kuhifadhiwa zirekodiwe kwa kina cha biti 24 na kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde. Kwa mikondo miwili ya sauti, hiyo ni megabaiti 17 na ziada kwa kila dakika. Kaseti moja ya dakika 90 inazaa takriban gigabaiti 1.5, na kaseti 20 zinazaa gigabaiti 31. Ikiwa intaneti inapeleka megabiti 5 kwa sekunde bila kusita, shehena hiyo itachukua karibu saa 14. Hakuna mtafiti atakayekaa saa 14 akigusagusa kipanya.

Na kanda zenyewe hazingoji. Ukanda wa kaseti uliokaa miaka 30 katika joto na unyevu wa pwani huweza kushika ukungu au kunata, na pengine utapita katika mashine ya kuchezea mara moja tu kabla ya kukatika. Mwimbaji wa nyimbo za harusi au msimulizi wa habari za Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914, kama alivyozipokea kwa wazazi wake, huenda amekwisha kufariki. Nakala iliyokatika katikati, ikiachwa hivyo huku nakala ya kwanza ikifutwa ili kupata nafasi, haina mahali pa kurejeshwa.

Kulala kwa aina nyingi

Mtumiaji husema "tarakilishi imelala" katika hali nne, na kila moja ina athari yake kwa kazi.

Katika hali ya kwanza kioo peke yake ndicho kilichozimika. Kichakataji kinafanya kazi, diski inazunguka, faili linaendelea kunakiliwa. Huku ni kufumba macho, si kulala, na mtafiti hana haja ya kukuzuia. Kwa hakika kunamfaa kwa kuwa kunapunguza joto na matumizi ya betri. (Katika baadhi ya vipakatalishi vya miaka ya karibuni, hata hivyo, kufumba macho kunaweza kuwa mwanzo wa usingizi mwepesi unaofanana na ule wa simu, ambamo programu nyingi husimamishwa. Mwenye mashine ya aina hiyo hana budi kuijaribu kwanza kwa faili dogo.)

Hali ya pili ndiyo kulala hasa. Kichakataji husimama, diski husimama, mawasiliano ya intaneti hukatika. Kinachobaki ni umeme mdogo unaohifadhi yaliyomo katika kumbukumbu ya muda. Ukiiamsha, mashine huendelea pale ilipoachia ndani ya sekunde chache, lakini ulimwengu wa nje haukuingoja: hifadhi ya mbali imekwisha kufunga mlango, na diski ya nje huenda imetengwa faili likiwa nusu.

Ya tatu ni usingizi wa pono. Mashine huandika yote yaliyomo katika kumbukumbu ya muda juu ya diski, kisha hujizima kabisa. Wavuvi wa Malindi na Watamu wanamjua pono, samaki wa miambani ambaye usiku hujisokomeza katika nyufa za miamba na kulala. Ndimo ulimotoka msemo ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili anaufahamu. Kwa mashine, faida ya usingizi huu ni kwamba hata betri ikiisha hakuna kinachopotea katika kumbukumbu. Kwa kazi ya usiku, hata hivyo, haina tofauti na kulala: kazi imesimama.

Ya nne si usingizi. Betri imekwisha ghafla na mashine imezimika bila kuhifadhi chochote. Kiswahili kinalo neno kamili la hali hiyo, nalo ni kuzirai.

Utajiri huu wa lugha haujatumiwa vya kutosha. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulionyesha kwamba programu nzima ya ofisini inaweza kusema Kiswahili, na waundaji wa istilahi wamebishana kwa muda mrefu kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Ubishi huo una haki yake, lakini umekula nguvu nyingi kwa ajili ya jina la mashine, huku vitendo vya mashine vikiachwa nyuma. Mtumiaji akishajua kuwa kufumba macho, kulala, usingizi wa pono na kuzirai ni mambo manne, atajua pia ni lipi la kuzuia.

Na tendo la kuzuia liitweje? "Kuzuia tarakilishi isilale kiotomatiki" ni maelezo, si istilahi. Kitenzi kesha kipo, na pwani kila mtu anajua mkesha wa harusi, wa maulidi na wa matanga. Kauli yake ya kusababisha, kesheza, inabeba maana yote kwa neno moja: kumfanya mtu, au kitu, asilale usiku kwa sababu maalumu na kwa muda maalumu. Hilo la muda lina umuhimu wake, kama itakavyoonekana.

Namna ya kukesheza

Kwa mwenye Windows 10 au 11, njia ya kawaida ni kufungua Settings, kisha System, kisha sehemu ya Power. Hapo muda wa kioo na muda wa mashine hupangwa mbalimbali. Muda wa kioo uachwe mfupi; wa mashine uwekwe kwenye Never, yaani kamwe. Anayependa kuandika amri anaweza kuandika powercfg /change standby-timeout-ac 0, ambapo sifuri ina maana ya kutolala. Ipo pia zana ya Awake, iliyoingizwa mwaka 2021 katika mkusanyiko wa bure wa Microsoft uitwao PowerToys, ambayo hukesheza mashine kwa saa zilizotajwa tu kisha huiachia ilale. Kwenye tarakilishi za Apple, tangu toleo la mwaka 2012, iko amri iitwayo caffeinate, yaani "nywesha kahawa". Ukiandika caffeinate -i -t 36000 mashine itakesha sekunde 36,000, ambazo ni saa kumi. Aliyeipa jina hilo angeelewana vyema na wauza kahawa chungu wa Malindi.

Lakini kuna jambo moja ambalo huwaponyoka wengi, na Barani lina uzito wa pekee. Kipakatalishi kina mipango miwili ya usingizi: mmoja wa kutumika kinapokuwa kwenye umeme, mwingine kinapotegemea betri. Mtafiti akiweka "kamwe" kwenye mpango wa kwanza tu, halafu stima ikapotea usiku wa manane, mashine itahamia mpango wa betri na kulala baada ya dakika chache. Herufi ac katika amri iliyotajwa zinahusu umeme wa ukutani; mpango wa betri hupangwa kwa dc. Kukesheza kwa betri nako kuna mpaka wake: mashine ikikesha hadi betri iishe, yaweza kuzirai. Kwa hiyo mpango wa betri upewe muda mrefu kiasi, kama saa moja, na usingizi wa pono uwekwe uingie kabla betri haijakauka.

Mfuniko ni suala jingine. Kufunga kipakatalishi huhesabiwa kuwa amri ya kulala, na amri hiyo kwa kawaida hushinda maombi yote ya programu, pamoja na ile kahawa ya Apple. Windows inaruhusu kubadilisha jambo hili, ila mashine iliyofunikwa huku inafanya kazi hukusanya joto. Ni afadhali iachwe wazi juu ya meza, si juu ya godoro.

Kukesha, tena, si kuwa wazi kwa kila apitaye. Sauti za wazee ni amana, na katika hosteli za wanafunzi, Kilifi au kwingineko, milango hufunguliwa na wengi. Kufunga kioo kwa nywila, kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, hakusimamishi kazi. Faili huendelea kunakiliwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Asubuhi, kabla ya kurudisha mipango ya usingizi kama ilivyokuwa, ukubwa wa kila faili ulinganishwe na wa asili yake, na dakika za mwisho za kila rekodi zisikilizwe kutoka katika nakala mpya. Faili lililokatika mara nyingi hucheza vizuri mwanzoni.