Printa inayojifufua yampunguzia mfanyabiashara kungoja mpakani

TAMKO la mzigo siku hizi huingizwa kwenye mtandao, lakini karatasi hazijaisha mpakani. Katika ofisi za mawakala wa forodha za Busia, Namanga au Rusumo, ankara, orodha za mzigo na nakala za vyeti bado hupita kwenye printa. Ikigoma, anayeumia ni mwenye lori la nyanya, maana nyanya hazimngoji fundi.

Lawama huangukia wino au karatasi iliyokwama. Upo ugonjwa mwingine usioonekana kwa macho: kuharibika kwa programu ya msingi inayokaa ndani ya mashine, ambayo mafundi huiita fimwea. Hiyo ndiyo inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Ikiharibika, mashine huishia kwenye nembo ya kampuni, hujizima na kuwaka tena, au hukaa kimya kama tofali.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha fimwea, nusu ya programu mpya huwa imeandikwa juu ya ile ya zamani, na mashine haina tena pa kuanzia. Wakati mwingine hata umeme hauna hatia. Mei 2023, baadhi ya printa za HP OfficeJet Pro 9020e zilipokea sasisho kupitia intaneti, zikabaki na skrini ya buluu yenye namba 83C0000B. Wenyewe hawakuwa wamegusa kitu.

Dawa iliyobuniwa ni ya kawaida kabisa, kama tairi la akiba. Mashine hubeba nakala mbili za fimwea. Kila inapowashwa hukagua ile inayotumika. Ikikuta imeharibika au imechezewa, huiacha na kuanza kwa nakala salama iliyofichwa mahali pasipofikiwa na sasisho la kawaida. Kampuni ya HP ilitangaza mpango wa namna hiyo kwa printa zake za LaserJet Enterprise mwaka 2015. Mei 2018 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa mwongozo unaotaka fimwea ilindwe, uharibifu ugunduliwe, kisha mashine irejeshwe katika hali nzuri.

Kuna na kinga ndogo zaidi, iliyomo hata katika vifaa vingi vya intaneti vya ofisini: kipima muda cha ulinzi. Programu hutakiwa kukigusa kila baada ya muda mfupi, kama mlinzi wa usiku anayepiga filimbi kuonyesha yu macho. Kimya kikizidi, kifaa huwashwa upya chenyewe. Kinga hii huponya mashine iliyoganda tu. Fimwea iliyoharibika haiponi kwa kuwashwa upya, hata mara kumi.

Wala haiponi kwa kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, kosa linalofanywa sana. Mara nyingi kitufe hicho hufuta nywila ya Wi-Fi na mipangilio mingine ya ofisi, na ugonjwa unabaki palepale.

Kwa anayenunua printa ya ofisi, hasa ya mtumba, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: sasisho likiharibika, mashine hii inarudi yenyewe au inahitaji fundi? Printa nyingi za bei nafuu hazina nakala ya pili. Mwenye printa ya aina hiyo atafute UPS, azime usasishaji wa moja kwa moja iwapo mashine inaruhusu, kisha asasishe mwenyewe siku ambayo hakuna mzigo njiani. Asiache kusasisha kabisa, kwa sababu masasisho hayohayo huziba matundu ya wadukuzi.

Mashine za risiti za kodi ni habari nyingine. EFD ya Tanzania hutunza kumbukumbu za mauzo kwa ajili ya TRA na huwa imefungwa kwa lakiri. Wa kuitengeneza ni msambazaji aliyeidhinishwa. Fundi wa mtaani akiifungua ili "aweke programu upya", mwenye duka atabaki na mashine mbovu na maelezo ya kutoa kwa ofisa wa kodi.