Hoteli ya Makambako, Miwati ya Njombe

Ukishuka stendi ya Makambako na njaa yako, ukaulizia hoteli, utaelekezwa penye wali maharage, chapati na chai ya rangi. Ukitaka pa kulala, utaulizia gesti. Mwalimu wa Kiingereza atakwambia maneno yote mawili yameharibiwa: hotel ni nyumba ya kulala wageni, na guest ni mgeni mwenyewe, si chumba chake.

Darasani mwalimu ana haki. Lakini tumfuate na Mwingereza, tuone alikoyatoa. Hotel aliichukua kwa Wafaransa, nao waliirithi kutoka Kilatini, katika neno hospes, lililomtaja mgeni na pia mwenyeji anayempokea. Hospitali imezaliwa humo humo. Ulaya ya Zama za Kati, hospitali ilikuwa nyumba ya kupokea mahujaji, wasafiri na maskini; mgonjwa alikuwa mmoja tu kati yao. Hata guest, lililopita njia ya lugha za Kijerumani, wanaisimu wanalihesabu kuwa la shina moja na hospes. Basi hoteli, gesti na hospitali ni ndugu, na wote wameshabadili kazi. Sioni kwa nini badiliko lililofanyika kwetu ndilo liitwe kosa.

Ushahidi mzito zaidi uko Njombe, umeota ardhini. Miti ile ya maua ya njano hafifu, ambayo gome lake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi na kuni zake huchomwa mkaa, wenyeji wanaiita miwati. Neno limetoka kwenye wattle, lile lililomo katika jina la Tanganyika Wattle Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949. Mwingereza wa kale asingelielewa. Kwake wattle haikuwa mti, ilikuwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo zikawa ukuta. Walowezi waliofika Australia walikata fito zao kwenye migunga ya huko, na jina la ukuta likauhamia mti. Mti ukaletwa Afrika kwa ajili ya gome lake, nasi tukauingiza kwenye ngeli: muwati mmoja, miwati mingi. Na nyumba za fito na udongo tulikuwa nazo siku zote, wattle ya asili kabisa, bila mtu kuziita hivyo.

Kipilefti nalo lilikuwa amri kwa dereva apite kushoto. Leo ni mzunguko wenyewe wa barabara, na kila kondakta anaelewa.

Kwa hiyo, walimu, mtoto akiandika kwa Kiingereza kwamba alikula wali kwenye hotel akimaanisha mgahawa, msimkate alama mkanyamaza. Mwelezeni kwamba Kiingereza cha leo kinataka restaurant hapo. Kisha mwambieni wazi kwamba katika Kiswahili chake hoteli ni sahihi.