Siku 42 za Kuutetea Ua wa Miti

Mkulima wa England au Wales anayetaka kuunganisha mashamba mawili, ili mashine ya kuvunia ipate nafasi ya kugeuka, haruhusiwi kung'oa tu ua wa miti unaoyatenganisha, hata kama ardhi yote ni yake. Tangu Juni 1997, kanuni zinamtaka kwanza aipe taarifa ya maandishi halmashauri inayosimamia mipango ya ardhi. Nayo halmashauri ina siku 42 za kuamua.

Kanuni hizo zilizaliwa na hasara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali yenyewe iliwapa wakulima ruzuku wang'oe nyua ili wavune zaidi, na ndege, wadudu na wanyama wadogo wakapoteza makao.

Kanuni hizo zinahusu ua wa mita 20 au zaidi, au mfupi ulioungana na nyua nyingine pande zote mbili, ulio kwenye shamba, msitu, malisho ya farasi au ardhi ya wanakijiji wote, au kando yake. Ua wa bustani ya nyumbani haumo. Kupogoa kwa kawaida pia hakuhitaji kibali.

Swali kuu ni kama ua huo ni "muhimu" kisheria. Lazima uwe na umri wa miaka 30 au zaidi, kisha utimize angalau sharti moja: kwa mfano, uwe mpaka wa parokia wa kabla ya 1850, au uhifadhi viumbe wanaolindwa. Miti nayo huhesabiwa. Ua ukiwa na urefu wa kati ya mita 30 na 100, mkaguzi hupima mita 30 za katikati na kuhesabu aina za miti ya asili, kama mialoni, mihezeli na mihothoni. Akikuta saba zilizoorodheshwa kwenye kanuni, kwa kawaida zinatosha.

Ua muhimu huwekewa katazo, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kuuondoa. Anayeng'oa bila taarifa hutenda kosa la jinai: hutozwa faini na anaweza kuamriwa apande upya. Ua huo mpya nao huhesabiwa muhimu kwa miaka 30, hata ukiwa bado miche.

Udhaifu mkubwa upo kwenye ukimya. Siku 42 zikipita bila jibu, mkulima anaruhusiwa kung'oa ndani ya miaka miwili. Naona hilo ni kosa: uzembe wa ofisi usigeuke kibali cha kuangamiza kilichodumu karne nyingi. Mpaka hapo litakaporekebishwa, kinga iko mikononi mwa majirani. Halmashauri hutakiwa kuomba maoni ya baraza la parokia, yaani serikali ya mtaa ya ngazi ya chini, na daftari la taarifa hizo liko wazi kwa umma. Mwenye ramani ya zamani, au anayejua aina za miti iliyomo, aipelekee halmashauri ushahidi huo mapema, kabla siku hazijaisha.