Oili Chafu si Dawa ya Upele wa Mbwa

Haupiti juma ila hunijia mtu, mbwa wake kamfunga kamba, ngozi ya mnyama imewiva kwa wekundu na manyoya yamenyonyoka masikioni na viwikoni, naye swali lake si kama oili chafu ya gari yafaa kwa upele, kwani hilo kwake limekwisha kuwa yakini aliyoipokea kwa jirani, bali ni mara ngapi kwa juma ampake. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole. Asimpake hata mara moja.

Sikatai kwamba itikadi hii ina chanzo chake. Utitiri wa upele, mdudu asiyeonekana kwa macho matupu, huchimba njia katika tabaka ya juu ya ngozi na kutaga mayai humo, na mafuta mazito ya aina yoyote huweza kuwafisha baadhi yao. Mwenye mbwa akiona mwasho umetulia siku mbili tatu, husadiki. Kadhalika wako watoto wa mbwa watokao mabaka usoni na miguuni kwa sababu ya utitiri wa namna nyingine, ukaao katika mashina ya manyoya, walioupata kwa mama yao siku za mwanzo za kunyonya. Wenye mabaka machache aghalabu hupona wenyewe baada ya majuma kadhaa, wapakwe wasipakwe, lakini sifa yote hupewa oili.

Ilhali oili hiyo, iliyokwisha kuzunguka katika injini, imebeba chembe za vyuma vilivyosagika pamoja na masalio ya mwako ambayo miongoni mwake yamo yajulikanayo kuleta saratani. Ngozi iliyochubuka huyafungulia mlango. Na kwa kuwa mbwa ni mnyama wa kujilamba, kilichopakwa mgongoni huishia tumboni, kikadhuru ini na figo, na akitapika huenda mafuta yakamwingia mapafuni. Nimewapokea watoto wa mbwa waliopakwa tangu kichwa hata mkia, wakitetemeka, na wenyewe wakiniapia kwamba dawa imeanza kufanya kazi. Mafuta ya taa nayo ni hayo hayo, na zaidi huunguza.

Lifanywe nini, basi? Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, ngozi ikwanguliwe kwa wembe na ukoko utazamwe kwa hadubini. Ukiwa ni upele, iko dawa ya kuogeshea ya amitrazi, ichanganywe kwa kipimo cha mbwa, si cha ng'ombe; iko ivermektini, ambayo yaweza kuwaua mbwa wa jamii ya collie, kwa hiyo msiwadunge wenyewe nyumbani; viko vidonge vya kutafuna, ghali kidogo, vinavyodumu mwezi mmoja au takriban mitatu. Mbwa wote wa nyumba watibiwe pamoja. Manyoya yakinyonyoka kiunoni karibu na mkia, shukuni viroboto, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, kwani wengi wao wamo humo, si mwilini. Choa ina dawa yake mbali.

Na aliyekwisha kumpaka wake, amwoshe leo hii kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, arudie hata maji yatoke meupe, amzuie asijilambe, wala asimtapishe, kisha amlete.