Wenye mabwawa wanalipia kilo, nguvu ya klorini hawaioni

Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani, awe Mbezi Beach, Nyali au Paje, anaijua klorini kwa kilo. Anajua ndoo ya kilo 45 humchukua miezi mingapi, na kijana wa bwawa akianza kuomba nyingine mapema anajua kuna jambo. Asichokijua ni nguvu iliyobaki ndani ya ndoo siku inapofunguliwa, na wanaomuuzia hawana haraka ya kumjulisha.

Kwenye karatasi hakuna tatizo. Afisa mmoja anayeshughulika na udhibiti wa kemikali jijini Dar es Salaam, aliyeomba asitajwe, aliniambia klorini ya chembechembe inayoingia nchini ni ya asilimia 65 na kila shehena huja na cheti cha kiwandani. Namba hiyo aliirudia mara tatu. Nilipomuuliza hupimwa lini tena ikishatoka bandarini, alijibu kwamba wauzaji wanasajiliwa kwa mujibu wa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Nikamuuliza kuhusu wanaoipima kwa mizani ya sukari na kuifunga kwenye mifuko ya nailoni. Tukarudi kwenye 65.

Namba yenyewe siipingi. Klorini ya aina hiyo hutengenezwa kwa nguvu ya asilimia 65 hadi 70, na ndivyo ndoo zinavyoandikwa. Lakini klorini si misumari, ikae rafuni miaka miwili ibaki ilivyo. Joto na unyevu huila, na pwani vyote viwili tunavyo. Ndoo ikishafunguliwa, ikachotwa kwa kopo, kifuniko kikarudishwa nusunusu chini ya bati la mwezi wa Januari, nguvu inaondoka huku mizani ikisoma karibu uzito uleule.

Hapo ndipo penye kilio cha mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mwenye zaidi ya miaka kumi kwenye dawa za mabwawa. Mzigo huu, anasema, kampuni za meli huuweka kwenye kundi la mizigo ya hatari, daraja la 5.1, kwa sababu huchochea moto. Kwa hiyo usafiri wake ni ghali na si kila meli inaukubali. Yeye analipa gharama zote hizo na kuuza ndoo ikiwa na lakiri yake. Jirani anafungua ndoo kama hiyo, anaigawa kwenye mifuko na kuuza kilo kwa bei ya chini. Anadai wapo wanaochanganya na chokaa, ingawa hilo hakunionyesha.

“Maji yakigeuka kijani, kaka, mteja haendi kwa aliyemuuzia mfuko,” aliniambia. “Anakuja kwangu kunigombeza, kwa sababu mimi ndiye mwenye kibao mlangoni.”

Alichonionyesha ni hiki. Nyuma ya duka ana pipa la plastiki la lita 200. Alipima gramu moja ya klorini ya mfuko kwenye kijimizani cha sonara, akaikoroga humo kwa fimbo, akachota maji kwenye kichupa na kutia kidonge cha kupimia. Gramu moja ya asilimia 65 kwenye lita 200 inapaswa kusoma zaidi kidogo ya miligramu 3 kwa lita. Rangi ya waridi ilipanda, ikasimama chini ya alama ya 2. Maana yake nguvu haikufika asilimia 40. Bila shaka ni mfuko mmoja, aliouchagua yeye, na rangi tuliilinganisha kwa macho. Hata hivyo ni kipimo kimoja zaidi ya nilivyoonyeshwa ofisini kwa yule afisa.

Kwa mwenye nyumba hesabu inauma. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, lina lita 75,000. Kuongeza klorini kwa miligramu 2 kwa lita kunataka gramu 230 hivi za asilimia 65. Ikiwa ni ya asilimia 40 utahitaji gramu 375. Hata ukipunguziwa theluthi ya bei, bado umekula hasara. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ila kilio cha mfanyabiashara huyu kina upande asioupenda. Mara nyingi maji yanapokataa kutakata kasoro si klorini, ni pH. Kiwango kinachoshauriwa ni 7.2 hadi 7.8. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini iliyomo majini huwa katika hali kali inayoua vijidudu. Kwenye 8 haifiki robo. Visima vingi vya pwani hutoa maji magumu, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, na klorini ya chembechembe yenyewe huelekea kuipandisha pH. Basi mwenye bwawa anamwaga, maji hayajibu, anamwaga tena. Dawa yake ni asidi kidogo, itiwe kwenye maji mengi na isikutane kamwe na klorini kavu, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Asidi haina faida kubwa dukani. Klorini inayo.

Vidonge vikubwa vya asilimia 90 navyo vina lao. Vina kemikali inayoikinga klorini na jua, jambo jema kwetu, maana bila kinga jua la mchana huimaliza klorini kwa saa chache. Lakini kinga hiyo haitumiki ikaisha; hujilimbikiza wiki hadi wiki, mpaka kipimo kinasoma vizuri na mwani unaota. Njia ya kawaida ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Kwa anayenunua maji ya boza, hiyo ni bili nyingine, wala sikukuta duka lililomtahadharisha mteja.

Mafundi wanalaumiwa na kila upande, na malipo yao yanaeleza mengi. Anayelipwa kwa mwezi pamoja na dawa hubana klorini na kutia mrututu, unaoua mwani kwa bei nafuu na kuacha madoa kwenye vigae. Anayenunuliwa dawa na mwenye nyumba hana sababu ya kubana. Kwenye nyumba za wageni za Unguja, fundi mmoja alikiri kwamba humwaga nyingi usiku wa kuamkia siku ya wageni. Klorini ikizidi sana huifuta rangi ya kidonge cha kupimia, kichupa kikabaki cheupe. Asiyejua husoma sifuri, akaongeza.

Nyumba zenye mabwawa zinaendelea kujengwa, kwa hiyo soko huenda likakua. Mitambo ya kutengeneza klorini kwa chumvi inaweza kupunguza ndoo, kwa wale watakaomudu umeme na vipuri vyake; wafanyabiashara niliozungumza nao hawakuwa na wasiwasi nayo. Yule afisa anaamini ukaguzi wa madukani utaimarika. Hakusema lini.

Kabla ya kuondoka Kariakoo niliomba kununua kisanduku cha kupimia maji. Vilikuwepo vitatu, rafu ya juu kabisa, vimeshika vumbi. Kilichoteremshwa kilikuwa na chupa ya dawa ya pH iliyopitwa na tarehe kwa mwaka mzima. Mfanyabiashara aliigeuza, akaisoma, akanipunguzia bei.