Unyevu wa hewa si ugonjwa wa nywele

Masika yanapoingia hapa Mombasa, mwezi wa Aprili na Mei, ndipo huongezeka akina mama wanaokuja kwangu na vidonda kichwani. Mmoja wao alikuwa ametia dawa ya kunyoosha nywele mara tatu katika muda wa miezi miwili. Sababu yake ni kwamba kila alipotoka saluni na kuvuka Likoni kwa feri, nywele zilikuwa zimekwisha kutimka. Alipovua kitambaa, ngozi ya nyuma ya masikio ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji. Vidonda vilipona, lakini mahali pamoja pamebaki kovu lisiloota unywele.

Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo hushikana kwa vifungo vya namna mbili. Vya kwanza ni dhaifu. Huachana vikipata maji na kujifunga upya unywele ukikauka. Kitana cha moto huchezea vifungo hivi tu, na ndiyo maana mvuke wa hewani ukipenya kazi yote huharibika: nywele za kipilipili hujikunja na kufupika, nazo za singa hufura zikawa timtim. Hapo hakuna ugonjwa wowote.

Vifungo vya pili ni vya salfa, navyo maji hayaviwezi. Hivi ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya saluni. Nyingi ya dawa hizo zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Zile zinazosifiwa kuwa hazina kostiki aghalabu hutumia kalsiamu haidroksaidi, nayo pia huunguza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba unywele ulionyooshwa haurudi kuwa wa kipilipili. Ukitimka wiki ya tatu, si kwamba dawa imekwisha. Ni kwamba magamba yake ya nje yameharibika, na sasa unakunywa maji kuliko mwanzo. Kuurudishia dawa ni kuzidisha kile kile unachokikimbia, mpaka ukatike. Dawa ni ya shina jipya peke yake, nalo hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo subiri wiki nane hadi kumi na mbili.

Kuna na tiba mpya za keratini zinazopigwa pasi. Baadhi yake hutoa fomaldihaidi zikipashwa moto, yaani ile iliyomo katika fomalini ya kuhifadhia maiti. Mwaka 2004 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliihesabu kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Ukiwashwa macho na koo saluni, toka nje.

Basi mtu afanyeje? Mafuta ya nazi ya bibi zetu yana faida ya kweli: hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Chana nywele zingali mbichi, kwa chanuo lenye meno mapana. Msimu huu epuka losheni zenye gliserini nyingi, kwani huvuta maji ya hewani. Wanaojifunika wasifunge nywele mbichi chini ya hijabu siku nzima.

Kusuka ni njia nzuri ya kupitisha masika, mradi msusi asivute. Msuko unaokunyima usingizi au kukutoa vipele kwenye kipaji unang'oa mashina, na ukirudiwa miaka mingi upara wa mbele hautibiki.

Na kwa atakayetia dawa hata hivyo: usijikune wala kuchana kwa nguvu siku moja kabla. Dawa ikianza kuchoma, iondolewe papo hapo kwa maji mengi, hata msusi akisema dakika hazijatimia. Kidonda kikitoa usaha, usikipake grisi. Nenda hospitali.