Je, Wajua? Boriti Ndiyo Iliyopima Ukumbi

Je, wajua kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili wa kale, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vilikuwa virefu lakini vyembamba kwa sababu ya mti? Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti moja huvuka takriban mita 2.5 hadi 3 tu. Fundi hakuwa na hiari. Anayetaka mgahawa wenye sura ya kale ya pwani na aanzie hapo: meza ndogo zifuate urefu wa ukuta, meza kubwa za duara zibaki huko kwenye kumbi za harusi. Ukitaka upana, simamisha nguzo, kama walivyofanya mafundi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Zidaka, zile safu za vishubaka ukutani zinazopamba nyumba kubwa za Lamu, zilitiwa nakshi na kupangwa vyombo vya kaure kutoka China. Mgahawani, vishubaka hivyo ni mahali pazuri pa taa na mabirika. Chupa za soda, tafadhali, zikae jikoni.

Tumbawe bichi kutoka baharini ni laini kuchonga na hugumu likikauka, ndiyo maana mafundi walilipenda. Leo waachie samaki tumbawe lao: nakshi za aina hiyo huchongwa pia kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka.